Lami Isiyokanyagwa

Mwendwa,

Nakusikia huko chumbani ukilifungua sanduku la safari ya Lodwar, ukilifunga, kisha ukilifungua tena. Hilo umelirithi kwa baba yako. Yeye hata akienda Machakos kulala usiku mmoja alikuwa akifungasha kama mtu anayehama nchi.

Tulipoondoa sahani nilikaa hapa mezani nikidhani nitakuandikia yale ambayo mama huandika. Chandarua, maji ya kunywa, marafiki wa kuepuka, kanisa lililo karibu. Nimeyaacha yote. Mfamasia ni wewe, maji na chandarua unavijua kuliko mimi, na watu wa kuepuka utawajua mwenyewe wakishakuudhi. Nataka kukueleza kilichonipata wiki hii. Nimeshtuka mara mbili, Jumatano na jana, na mpaka sasa sijarudi sawasawa. Ukiona mwandiko umepinda usidhani ni uzee.

Jumatano nilikuwa kaskazini, ng'ambo ya Isiolo, kutazama barabara niliyoitabiria maisha marefu. Jana nilikuambia juujuu tulipokuwa tunakula. Sasa nataka kukuambia yote, kwa sababu ulichonijibu jana kimeshikana na barabara ile mpaka siwezi tena kuvitenganisha.

Kazi yangu unaijua, ingawa ulipokuwa darasa la pili ulimwambia mwalimu wako kwamba mama yako ni mpiga ramli wa barabara. Mwalimu alinitazama kwa jicho baya siku ya wazazi. Lakini hukukosea sana. Wengine hujenga barabara, mimi huitwa kusema itaishi muda gani, itaanza kupasuka wapi, na lini itahitaji kutiwa lami upya. Naingiza kwenye kompyuta uzito wa malori, mvua, joto, unene wa lami na aina ya udongo, nayo inanitolea mstari unaoteremka polepole. Huo mstari ndio maisha ya barabara. Serikali hupanga fedha zake kwa mstari kama huo, na wenye magari hawajui hata kwamba upo.

Ramli yangu nimejifunzia huku kwetu penye mvua: Nairobi, Limuru, Kericho. Huku hata mtoto anamjua adui wa lami. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi njia yetu hii ya Muthangari ina mashimo ya kuogea bata. Maji huingia kwenye ufa, lori hupita juu yake, udongo wa chini hulegea, na lami huanguka ndani. Maji na malori. Hao ndio maadui wawili niliofundishwa, na hao ndio ambao nami nimewafundisha vijana wa ofisini kwa sauti ya mtu asiyetaka maswali.

Basi barabara ile ya kaskazini ilipomalizika niliitwa kuitabiria. Kule mvua ni mgeni. Malori nayo yalikuwa bado yanapita kwenye njia ya vumbi ya kando, kwa kuwa barabara haikuwa imefunguliwa rasmi. Alikuwa anangojwa mkubwa fulani aje akate utepe. Ukiondoa maji, ukiondoa malori, nini kitaiua? Kompyuta ilinipa mstari ulionyooka karibu kama meza hii. Nilifurahi mno. Nikawaambia wenye barabara waifunge kwa mawe kila upande, tena mawe makubwa, ili lori lolote lisiikanyage kabla ya wageni kufika. Nilisema, nikaandika, nikatia sahihi: ikifungwa vizuri, siku ya utepe itakuwa kama imemwagwa jana.

Utepe haukukatwa. Mkubwa aliahirisha, akaja mwingine naye akaahirisha, na barabara ikakaa hapo miaka, peke yake juani, na mawe yangu yakiilinda.

Sasa tarehe nyingine imepatikana, ndiyo maana tulitumwa kuikagua, mimi na Barasa. Barasa unamjua, fundi wetu wa vipimo, yule wa Kakamega anayekuita "mkwe" tangu ukiwa na miaka mitano. Tulisimamisha gari penye mawe. Nilishuka nikitabasamu, siwezi kukuficha. Nilikuwa hata nimemwambia Barasa njiani kwamba leo kazi itakuwa ya kupiga picha tu na kurudi Isiolo kula mbuzi.

Barasa ndiye aliyetangulia kuvuka mawe. Akasimama.

"Injinia," akasema, "hii si ile yetu."

"Ni yetu."

"Tumepotea. Hebu cheki GPS tena."

Sikuhitaji kuangalia. Mawe niliyachagua mwenyewe. Lakini lami niliyoiacha nyeusi, ikimeta, ilikuwa imegeuka kijivu kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Na ilikuwa imepasuka. Si hapa na pale, Mwendwa, ni kote. Nyufa zilikatana zikaigawa barabara kuwa miraba, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka mbele kule macho yanakokoma. Juu yake hapakuwa na alama ya tairi hata moja. Palikuwa na kinyesi cha mbuzi tu, nacho kimekauka. Nilipiga magoti nikachomeka ufunguo wa gari kwenye ufa, ukaingia wote. Niligonga ukingo kwa nyundo, kipande kikakatika kwa mlio mkavu, nikakivunja kwa vidole kama biskuti.

Nimeona madaraja yaliyobebwa na mafuriko, nimeona barabara mpya ikizama siku ya tatu, na sikuwahi kushtuka hivyo, kwa sababu kila mara nilijua nani kafanya. Hapa hapakuwa na mtu. Maji hayakuja, malori hayakuja, mawe yalikuwa mahali pake. Barasa alikuwa akizunguka tu, amevua kofia, akirudia, "Wololo. Injinia, wololo."

Tukaenda mwisho wa pili, karibu na machimbo ya kokoto. Huko madereva walikuwa wamechoka na vumbi, wakasukuma mawe kando na kuanza kupita juu ya lami kwa wizi, kipande kifupi, kisha wakarudi njia yao ya vumbi. Kwa makadirio yangu hicho ndicho kipande kilichopaswa kuwa kibovu. Lami ni ile ile, mkandarasi ni yule yule, mwezi ni ule ule. Nacho kilikuwa cheusi, kimeshikana, kina ufa mmoja mmoja mwembamba. Barasa alilala kifudifudi, mtu mzima na kitambi chake, akaweka shavu kwenye lami aone kama imebonyea. Ilikuwa imebonyea kidogo tu pale magurudumu yanapopita. Alipoinuka hakujipangusa.

"Tulikataza watu kuisaidia," akasema.

Tulikaa kwenye kivuli cha gari. Mbuzi wa Isiolo alisahaulika.

Nisikudanganye kwamba ni jambo lisilojulikana. Niliwahi kulisoma. Ndani ya lami mna mafuta, nayo ndiyo yanayoiwezesha kuvutika bila kukatika. Jua na hewa huyamaliza mafuta hayo kidogo kidogo, kuanzia juu, na lami huwa ngumu. Penye mvua na malori mengi huoni, kwa sababu barabara hufa kwanza kwa mambo mengine. Lakini pakavu jua lina nafasi yote. Na tairi likipita huikanda lami, huifumba vitundu vinavyopitisha hewa, huziba nyufa zikiwa bado changa. Sisemi malori hayaharibu. Yakizidi uzito yanavunja, nimeyaona. Ila lami isiyokanyagwa kabisa, juani, inazeeka haraka kuliko ile inayokanyagwa kwa kiasi. Kwenye kompyuta kuna mahali pa kuingizia jua. Niliweka jua la Limuru.

Na kinachonitia hasira ni kwamba mimi ni mtu wa Kitui. Nimezaliwa kwenye ukavu. Nyanya yako, mama yangu, alikuwa na mikwa miwili, ile mikanda ya ngozi ya kubebea mzigo mgongoni, inayopita kwenye paji la uso. Mmoja alikuwa akiutumia kila siku kubebea maji na kuni. Ulikuwa laini kama sikio. Wa pili ulikuwa mzuri zaidi, wa arusi yake, naye aliutundika ukutani usiharibike. Siku ile wa kwanza ulipokatika akaushusha wa arusi, nikaubebea mtungi mimi. Hatukutoka hata nje ya boma. Ulikatika kama ukuni mkavu, mtungi ukavunjika, na nikachapwa kwa kosa ambalo halikuwa langu. Nilikuwa msichana mdogo na nilikuwa nimeshaonyeshwa kila kitu. Ikanibidi nisomee uhandisi ndipo nisahau.

Ijumaa nilikuwa ofisini mjini, ghorofa ya juu kabisa, nikiwaeleza wakubwa. Mmoja aliniuliza kwa upole kama hatuwezi kusema mkandarasi alipika lami vibaya. Nikamwambia kile kipande cha machimbo kitatusuta, maana kilipikwa kwenye sufuria moja. Mwingine, kijana, akasema basi si tuondoe mawe tu leo leo malori yapite yaikande. Nikamwambia hapana, sasa hivi imekakamaa, ukiiletea malori yote kwa siku moja utaivunja vipande. Kwanza ipakwe mafuta, nyufa zizibwe, magari madogo yatangulie. Nilisema hayo vizuri kabisa, kwa sauti yangu ya kazini, na sikujua kwamba nilikuwa nasema habari za nyumba yangu.

Nimelijua jana.

Nilitoka kusukwa nywele pale Kenyatta Market nikakukuta kwenye vibanda vya nyama choma, umeshashika meza, umeagiza mbavu, ugali na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, umenyoosha miguu kama mwenye hoteli. Nilifurahi kukuona hivyo. Nikakuhadithia barabara ili tupate la kuongea, kwa sababu sisi wawili, tukiwa peke yetu, huwa tunatafuta la kuongea kama watu waliokutana kliniki. Wewe ukasikiliza. Ukauliza swali moja zuri kuhusu mafuta ya lami. Kisha mimi nikasema ile kauli yangu ya kijinga, kwamba nawalaumu waliokupeleka kazini Lodwar, mbali huko ukavuni kaskazini, na kwamba ningejua mapema ningemtafuta mtu wa kuongea naye.

"Hakuna mtu alinipeleka, Mum," ukasema. "Niliomba."

Nilidhani sikusikia, kwa kelele za pale.

"Uliomba Lodwar? Watu wanalia watolewe huko."

"Walinipea choice. Kulikuwa na Machakos, na kulikuwa na hapa hapa Nairobi. Nikasema Lodwar."

"Kwa nini?"

Ukatafuna kwanza. Hukuwa na haraka.

"Huko pharmacist ni mmoja. Wataniamsha usiku, wataniita weekend. Nataka mahali watu watanisumbua."

"Na hapa nani amekukataza kusumbuliwa?"

"Si kukatazwa. Hapa tu hakuna mtu hunisumbua. Hata wewe. Nikishika sahani nioshe unasema niache. Gari ikiharibika unaita fundi na mimi niko kwa sitting room. Daddy alikuwa mgonjwa, ukaniambia wewe soma tu." Kisha ukaona uso wangu. "Si ati nimekasirika, Mum. Ni vile nimezoea kukaa kama mgeni. Unataka niongeze mutura?"

Nikasema ndiyo, ongeza. Sikuionja hata moja. Nilikuwa nakuangalia unavyokata mutura, mikono ile ile ya baba yako, na kichwani mwangu nilikuwa tena juu ya ile lami, na ufunguo umezama wote.

Unajua nilivyojisifu na hiyo tabia? Kwa wanawake wenzangu kanisani, wakilalamika kwamba watoto wao wamechoka nao, mimi nilikuwa nasema, mimi Mwendwa simsumbui. Nilisema kama mtu anayesema hajawahi kukopa. Ndani ya nyumba hii ilikuwa karibu sala yetu. Nikikupigia simu, neno la kwanza ni "sikusumbui?" Ukinipigia, la mwisho ni "haya Mum, nisikusumbue." Nilidhani hiyo ni adabu. Nilidhani nimekulea vizuri na umekuwa mtu mstaarabu.

Nikuambie ilikotoka. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na nilisumbuliwa. Nilibeba maji, nilibeba wadogo zangu, nilipoanza kazi nilibeba karo zao, na mpaka leo simu ikiita asubuhi na mapema najua ni nani na anataka nini. Ulipozaliwa nilikuangalia kitandani nikaapa kwamba huyu hatakuwa punda wa mtu. Ukawa mmoja tu, Mungu hakuongeza, na ile ahadi yote ikakuangukia wewe peke yako. Kila mzigo uliokuja mlangoni niliuwahi mimi. Nilidhani nakutunza. Nilikuwa nakuwekea mawe, mawe makubwa, niliyoyachagua mwenyewe.

Na Parklands. Hatujawahi kuongea habari za ile hospitali ya Parklands, miaka minne sasa tangu tumzike baba yako. Ulikuwa chuoni Eldoret, umekaribia mitihani, na nilikuwa nikikupigia kila jioni kutoka kwenye ile korido ya hospitali nikikwambia baba anaendelea vizuri. Hilo unalijua, ulishanisamehe au ulishanyamaza, sijui ni lipi. Lakini kuna usilolijua. Wiki ile ya mwisho baba yako alikuwa bado anaongea, na ndevu zake zilikuwa zimeota vibaya, nawe unamjua alivyochukia ndevu. Akaniambia, "Mwite Mwendwa aje aninyoe." Nikamwambia Mwendwa anasoma. Kesho yake akarudia. Nikasema baba, mtoto ana mtihani, tusimsumbue, nikachukua wembe nikamnyoa mwenyewe. Mimi si mnyozi, nilimkata kidevuni. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwendwa ana mkono mwepesi."

Ulipofika hakuwa anaongea tena. Ulimwangalia, ukagusa ule mkato wa kidevuni, ukauliza, "Nani alimnyoa hivi?" Nilikujibu ni manesi.

Baba yako hakuwa anahitaji kunyolewa, Mwendwa. Alikuwa anataka mikono yako usoni mwake, naye alijua kwamba ukimwomba mtu kazi anakuja haraka kuliko ukimwomba huruma. Mimi nilisikia habari ya ndevu tu. Nakuandikia hili na siwezi kuamini kwamba nimelielewa jana, mbele ya sahani ya mutura, na nywele zangu mpya kichwani. Nimelia njia nzima garini kutoka Kenyatta Market mpaka nyumbani, nawe ulikuwa umeketi kando yangu hukujua, kwa kuwa nimezoea hata kulia bila kukusumbua.

Sikuandikii ili ubaki. Nenda. Nimekaa na wazo la Lodwar usiku kucha na mchana wa leo, na nimeona umechagua kwa akili kuliko nilivyochagua mimi nilipokuwa na umri wako. Wakuamshe, wakuite Jumapili, wakuchoshe. Ukiona wanazidi uzito sema, maana uzito unaovunja nao upo, na mtu mwenye moyo kama wako huwa hajui mpaka ameshapasuka. Lakini wasipokuita kabisa, hapo ndipo uogope.

Mimi nataka kuanza na langu. Kule ofisini nilisema magari madogo yatangulie. Basi hili ni gari dogo.

Tangu mwaka jana nina presha. Nameza dawa mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Ziko kwenye kopo la majani ya chai, lile la nyuma, nyuma ya unga wa wimbi, kwa sababu najua unga wa wimbi huugusi. Nazinunulia Parklands, mbali, ili nisikutane na mtu mliyesoma naye. Mwezi uliopita yule msichana wa dukani aliniuliza kama nyumbani kuna mtu anayeelewa dawa, amsaidie daktari kuniangalia. Nikamwambia hakuna. Nilisema hivyo bila kupepesa macho, nina mwana mfamasia ameketi nyumbani kwangu akisoma gazeti. Nilitoka nikaenda kwenye gari, nikawasha redio, na sikuona ajabu yoyote.

Ile ya jioni walinibadilishia. Tangu hapo miguu inavimba ikifika usiku, viatu vinanibana. Nimekuwa nikilaumu viatu. Nimenunua vingine, hivi vya kahawia ulivyosema ni vya mwalimu mkuu aliyestaafu. Navyo vinabana. Pengine ni dawa. Wewe unajua, mimi sijui. Nataka uniambie. Nataka ukifika huko uwe unaniuliza kila jioni kama nimemeza, na nikisema nimemeza usiniamini mara moja.

Nami nitakusumbua. Nitakupigia nikitaka kujua bei ya mbuzi huko. Nitakupigia gari likigoma, ingawa hutaweza kufanya lolote kutoka Lodwar, unisikilize tu nikilitukana. Na nikija kaskazini kuitazama ile barabara ikitengenezwa, nitapita. Ni mbali, lakini nitapita. Usiniambie nisisumbuke.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie ndani ya kiatu chako cha kulia, sandukuni, uikute ukifika. Nilikwishawaza hata utakavyoisoma, peke yako, na mimi nikiwa mbali, salama, bila kukuona uso. Nimeinuka niende kutafuta bahasha, nikasimama katikati ya chumba.

Hilo nalo ni jiwe.

Mwanga bado uko chini ya mlango wako. Umelifunga sanduku tena. Nimeshalitoa kopo nyuma ya unga, na wembe wa baba yako nimeutafuta nikaupata, ulikuwa kwenye rafu hiyo hiyo, nyuma kabisa, sijui niliuweka lini. Miguu yangu imevimba na sijavaa viatu. Nakuja kugonga, Mwendwa. Nifungulie, nina shida.

Mama